Kesi ya BSD na kesi ya Linux: zilinganishe kabla hujachagua kerneli

Ukipewa kiwanja bure na mtu asiye mwenye kiwanja, hati uliyonayo ni karatasi tu. Nyumba utajenga, bati utaezeka, halafu siku mwenyewe akitokea huna la kumwambia. Sisi tunaojenga bidhaa juu ya mifumo endeshi huria hulisahau jambo hili. Tunasoma leseni, tunaona imetupa ruhusa ya kutumia, kubadili na kugawa, tunaridhika. Lakini kabla ya leseni kuna swali la kwanza: je, aliyetoa ruhusa alikuwa na haki ya kuitoa?

Namwandikia fundi au kampuni ndogo inayotaka kuuza kifaa chenye mfumo ndani yake: ruta, mashine ya tiketi, seva ya kuhifadhi mafaili ya ofisi. Mara nyingi uchaguzi hubaki kati ya familia mbili, yaani BSD (FreeBSD, NetBSD, OpenBSD) na Linux. Ulinganisho wa kasi na wingi wa draiva (programu za kuendeshea vipuri) umejaa kila mahali. Mimi nazilinganisha kwa kesi zilizozikuta. Kila moja iliwahi kupelekwa mahakamani ikidaiwa kuwa ndani yake mna msimbo, yaani maandishi ya programu, wa wenyewe, na namna ilivyotoka huko inakuhusu wewe unayetaka kuijengea biashara.

BSD: ilishtakiwa ikiwa changa

Unix, mfumo endeshi ambao BSD ilitokana nao na Linux iliuiga, ilizaliwa mwaka 1969 katika Bell Labs, maabara za kampuni ya simu ya AT&T. Kwa makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani, AT&T haikuruhusiwa kufanya biashara nje ya mambo ya simu, hivyo Unix ikawa inatolewa kwa vyuo vikuu kwa ada ndogo, na msimbo wake juu. Chuo Kikuu cha California, pale Berkeley, kiliichukua na kuiongezea mengi, yakiwemo mawasiliano ya mtandao, na toleo lake ndilo BSD. Miaka ikaenda, ikawa vigumu kujua kipi ni cha AT&T na kipi ni cha chuo.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kikundi cha Berkeley kiliamua kutenganisha. Keith Bostic aliwaomba watu waandike upya programu za Unix, moja baada ya nyingine, kwa kufuata maelezo yaliyokwisha kuchapishwa bila kuangalia msimbo wa AT&T. Malipo yao yalikuwa kutajwa jina tu. Kufikia Juni 1991 walitoa toleo lililoitwa Net/2, na katika kerneli yote, yaani kiini cha mfumo, yalibaki mafaili 6 ambayo hawakuweza kuyatoa bila kuyaandika upya. Bill Jolitz akayaandika, ndipo ikapatikana 386BSD ya mwaka 1992, iliyofanya kazi kwenye kompyuta za kawaida. Kampuni iitwayo BSDi nayo ikatoa ya kwake, ikaiuza kwa dola 995 pamoja na msimbo, na namba ya simu ya matangazo yake ilikuwa na neno UNIX ndani.

Aprili 1992 kampuni tanzu ya AT&T, Unix System Laboratories, iliishtaki BSDi katika mahakama ya shirikisho ya New Jersey. BSDi ilijitetea kwamba msimbo wote iliupata kwa chuo, isipokuwa yale mafaili 6. Mdai alipotakiwa na jaji ajikite kwenye mafaili hayo, alirudi na hati mpya na kukiunganisha chuo chenyewe, akidai Net/2 nzima.

Jaji Dickinson Debevoise alikataa kutoa zuio mwezi Machi 1993, na sababu yake moja inafaa kukumbukwa na kila mwandishi wa programu. AT&T ilikuwa imegawa toleo la zamani la Unix, 32V, bila kuweka tangazo la hakimiliki, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule kosa hilo liliweza kuipotezea haki yenyewe. Kisha chuo nacho kikafungua kesi yake huko California, kikisema AT&T ilichukua msimbo wa Berkeley, ikautia ndani ya System V, toleo lake la Unix la kuuza, ikaacha kukitaja chuo kama leseni ilivyotaka. Chuo kilitaka vitabu vya System V vichapwe upya, na matangazo ya ukurasa mzima yawekwe kwenye magazeti makubwa ya biashara kukiri kosa hilo. Mdai akawa mdaiwa.

Novell iliinunua Unix System Laboratories mwaka 1993, na mkuu wake, Ray Noorda, hakuwa na hamu ya kuendelea na kesi. Mwanzoni mwa 1994 wakapatana. Kati ya mafaili 18,000 hivi ya Net/2, yaliondolewa 3. Mengine machache yalirekebishwa, na takribani 70 yaliongezewa tangazo la hakimiliki la Unix System Laboratories. Juni 1994 ikatoka 4.4BSD-Lite, na mdai akaahidi kutomshtaki yeyote atakayeijenga juu yake.

Mafaili matatu! Kwa ajili hiyo mradi mzima ulitiwa shaka kwa karibu miaka miwili, na miaka yenyewe ndiyo ambayo watu wenye kompyuta ndogo nyumbani walikuwa wanatafuta Unix ya bei nafuu. FreeBSD ililazimika kuacha toleo lake la kwanza na kujengwa upya juu ya 4.4BSD-Lite, ikatoka na toleo la 2.0 Novemba 1994. Linux 1.0 ilikuwa imeshatoka Machi mwaka huohuo. Sisemi kesi peke yake ndiyo iliyoipa Linux ushindi, maana leseni na uongozi wa mwanzilishi wake, Linus Torvalds, vina sehemu yake. Ila aliyekuwa anachagua mwaka 1993 alikuwa na sababu ya kweli ya kuiogopa BSD, na ubora wa msimbo haukuwa na uhusiano wowote na hofu hiyo.

Linux: ilishtakiwa ikiwa imekomaa

Tarehe 6 Machi 2003 kampuni ya SCO Group ya Utah iliishtaki IBM. Ilidai kwamba IBM, iliyokuwa na leseni ya Unix, ilivunja mkataba kwa kuingiza katika Linux kazi zilizotokana na Unix. Dai lilianza kwa dola bilioni 1, likapanda hadi bilioni 5. Mei mwaka huo SCO ikaandikia kampuni zipatazo 1,500 kuzionya kwamba wanaoitumia Linux wanaweza kuwajibika, na baadaye ikaanza kuuza "leseni" ya dola 699 kwa kila seva yenye prosesa moja.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu barua ile ndiyo iliyoumiza watu. Mwenye duka au meneja wa benki hana njia ya kukagua mamilioni ya mistari ya kerneli. Anapoandikiwa na wakili kwamba huenda anatumia mali ya wizi, atalipa au atahama. SCO yenyewe, ikiitwa Caldera, ilikuwa muuzaji wa Linux, na kwa miaka imeisambaza kerneli ileile kwa leseni ya GPL inayomruhusu kila mtu kuitumia.

Agosti 2003, kwenye mkutano wake wa Las Vegas, SCO ilionyesha ukutani vipande vya msimbo iliosema vimeibwa, baadhi ya maandishi yakiwa yamegeuzwa herufi za Kigiriki ili yasisomeke. Picha zilipotoka, waandishi wa programu waliyarudisha maandishi katika hali yake, na siku chache zikatosha kuvijua vipande. Kimoja kilikuwa kanuni ya kugawa kumbukumbu iliyotoka kwenye Unix ya kale, matoleo ambayo Caldera yenyewe ilikuwa imeyaruhusu kwa leseni ya aina ya BSD mwezi Januari 2002. Kingine kilihusu kichujio cha pakiti za mtandao, ambacho asili yake ni BSD.

Mahakamani nako mambo yalikwenda hivyohivyo. Jaji Dale Kimball aliandika mwaka 2005 kwamba inashangaza, kwa kelele zote zile hadharani, SCO haijaleta ushahidi unaofaa wa ukiukaji wa hakimiliki. Mwaka 2006 hakimu Brooke Wells alitupa sehemu kubwa ya vipengele vya madai kwa sababu SCO haikutaja ni mistari ipi. Alitoa mfano wa mtu anayekamatwa akitoka dukani, akaambiwa ameiba, kisha badala ya kuonyeshwa alichoiba anapewa orodha ya bidhaa zote za duka na kuambiwa atafute mwenyewe.

Wakati huohuo msingi wenyewe ulibomoka. Novell ilipouza biashara ya Unix mwaka 1995 kwa Santa Cruz Operation, ambako SCO Group ilirithi, ilisema haikuuza hakimiliki. SCO ikaishtaki Novell mwaka 2004. Agosti 2007 jaji akasema hakimiliki ni za Novell, na mwezi uliofuata SCO ikaomba ulinzi wa kufilisika. Rufaa ikairudisha kesi mbele ya wazee wa baraza, nao Machi 2010 wakaamua vilevile kwamba Novell haikuziuza. Sehemu iliyobaki dhidi ya IBM ilijikokota hadi 2021, ilipomalizwa kwa dola milioni 14.25. Ukilinganisha na bilioni 5 zilizodaiwa, hata asilimia moja haifiki.

Ukiziweka pamoja

Mfanano wa kwanza ni kwamba katika kesi zote mbili mdai alidai kikubwa, na alipotakiwa kuonyesha mstari kwa mstari akabaki na kidogo au patupu. Tofauti ni aina ya kinga iliyobaki baada ya kesi. BSD ina ahadi iliyoandikwa: mdai mwenyewe alikubali kutomgusa mwenye kujenga juu ya 4.4BSD-Lite. Linux haina karatasi ya namna hiyo. Ina hukumu, na ina miaka 18 ya mtu mwenye kila sababu ya kutafuta wizi ndani yake akakosa. Ukiniuliza ipi ina nguvu zaidi, nitasema kwa madai ya Unix ya zamani zote mbili zinatosha. Atakayekutisha leo kwamba Linux ni mali ya SCO au BSD ni mali ya AT&T, usimlipe hata senti.

Tofauti ya pili ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na BSD iliponea kwenye daftari. Berkeley walijua kila programu iliandikwa upya na nani, kwa hiyo walipoulizwa walijibu. Linux ya miaka ya 1990 haikuwa na utaratibu rasmi wa hivyo. Baada ya SCO, mwezi Mei 2004, Torvalds aliuleta: kila anayetuma badiliko hutia jina lake na kuthibitisha kwamba ameliandika mwenyewe au ana haki ya kulitoa. Mwaka uliofuata ikaja Git, programu inayohifadhi jina na tarehe ya kila badiliko. Leo ukitaka kujua mstari wa kerneli ulioongezwa tangu hapo umeingia lini na kwa mkono wa nani, ni amri moja tu. FreeBSD nayo ina historia ndefu iliyo wazi. Kwa kipimo hiki siwezi kusema mmoja kamzidi mwenzake.

Android niitaje kwa ufupi, kwa kuwa iko mifukoni mwa wasomaji wengi. Kerneli yake ni Linux, lakini ugomvi wake ulikuwa tabaka la juu. Oracle iliishtaki Google mwaka 2010 kwa kunakili mistari 11,500 hivi ya Java, lugha ya kuandikia programu, ile inayotangaza majina na mpangilio wa vitendakazi. Aprili 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kura 6 dhidi ya 2 kwamba matumizi yale yalikuwa ya haki. Google yenyewe, bila kusubiri, ilishahamia OpenJDK, Java yenye leseni huria, tangu Android 7 ya mwaka 2016. Hukumu ile ni ya sheria ya Marekani, na mahakama ya Dodoma au Nairobi haifungwi nayo. Kwa hiyo usiichukue kama ruhusa ya kunakili.

Hatari iliyobaki ni wewe mwenyewe

Kesi za miaka ya karibuni zimegeuka upande. Wanaoshtakiwa sasa ni kampuni zilizochukua msimbo huria, zikaufunga ndani ya vifaa na kukataa kuutoa. Mwaka 2004 mahakama ya Munich ilitoa zuio dhidi ya Sitecom, muuza ruta, kwa kutotimiza masharti ya GPL. Linksys ilipobanwa mwaka 2003 kuhusu ruta ya WRT54G, msimbo ulitolewa, na hapo ndipo mbegu ya OpenWrt, mfumo huria wa ruta, ilipoota. Wako pia wadai walioshindwa. Christoph Hellwig, mmoja wa waandishi wa kerneli ya Linux, aliishtaki kampuni ya VMware huko Hamburg akapoteza mwaka 2016, na rufaa ikakwama 2019, kwa kuwa mahakama iliona hakuonyesha vya kutosha ni sehemu zipi hasa ni kazi yake. Daftari tena.

Hapa ndipo BSD na Linux zinapoachana kweli. Leseni ya BSD inakutaka utunze tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni, basi. Zamani ilikuwa na sharti la kuitaja Berkeley katika matangazo, likafutwa na chuo mwaka 1999. Unaweza kubadili kerneli, ukauza kifaa, ukaficha mabadiliko yako, na hakuna atakayekudai. Ndiyo maana Juniper, watengenezaji wa ruta, waliijenga Junos, mfumo wa vifaa vyao, juu ya FreeBSD, na Sony wakaitumia kwa PlayStation 4. GPL ya toleo la 2, inayoilinda Linux, inakutaka umpe mteja msimbo wa kerneli uliyomuuzia pamoja na mabadiliko yako, au umwandikie ahadi ya kumpa itakayodumu angalau miaka 3.

Niliwahi kuagiza bodi za ruta kutoka kwa kiwanda kimoja nje ya nchi. Zilikuja na mfumo tayari umepakiwa, Linux. Nikaomba msimbo. Nikajibiwa kwamba ni siri ya mtengenezaji wa chipu. Nikaandika tena, nikatumiwa faili lililobanwa lenye kerneli tupu ya mtandaoni, lisilo na hata draiva moja ya ile bodi. Bodi zilikuwa nzuri na bei yake ilikuwa nzuri, nami niliziacha, nikaula hasara ya usafirishaji. Anayeuza kifaa ndiye anayesambaza, na aliyepewa mzigo mbovu na kiwanda bado ndiye atakayeulizwa na mteja wake. Hakimiliki ya programu za kompyuta inalindwa na sheria Tanzania na Kenya pia, kwa hiyo usijidanganye kwamba hayo ni mambo ya Ulaya.

Ningechagua hivi

Kama unaendesha seva zako mwenyewe na humuuzii mtu kifaa, kesi zote hizi hazikugusi. Chagua unayoijua. WhatsApp kwa miaka ilihudumia mamilioni ya watu kwa seva za FreeBSD, na huduma nyingine kubwa kama hiyo ziko juu ya Linux.

Kama ni seva ya kuhifadhia mafaili na unataka ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda mafaili kwenye diski, ningekwenda FreeBSD bila kusita. ZFS ilitoka kampuni ya Sun kwa leseni nyingine huria, CDDL, na wanasheria hawajakubaliana kama inaweza kuunganishwa na kerneli yenye GPL. Canonical waliiweka ndani ya Ubuntu 16.04, Linux yao, mwaka 2016 wakisema ni halali, nao Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria, wakasema ni ukiukaji. Katika FreeBSD ugomvi huo haupo, maana leseni ya BSD haigombani na CDDL. Mteja wa kawaida wa Ubuntu sioni atakayemsumbua, ila anayeuza mashine kwa jina lake asijinunulie mjadala wa wengine.

Kama ni kifaa chenye ubunifu ndani ya kerneli ambao kweli huwezi kuutoa, chukua BSD. Jipime kwanza kwa uaminifu. Mara nyingi siri yenyewe iko kwenye programu ya juu, ambayo GPL ya kerneli haiigusi, na kilicho ndani ya kerneli ni draiva ya kidhibiti cha taa.

Kwa ruta na vifaa vingine vidogo, jibu langu ni Linux, hata kwa mzigo wa GPL. Chipu nyingi za bei nafuu zina draiva za Linux tu, na wajibu wa kutoa msimbo ndio unaomwezesha fundi wa Mbeya au Kisumu kukitengeneza kifaa hicho miaka saba baadaye, kiwanda kikiwa kimeshafunga. Naupenda wajibu huo, na sioni haya kusema hivyo.

Utakachochagua chochote, kabla ya kulipa amana kiwandani, omba msimbo kamili wa kerneli ya bodi ileile unayonunua, ujenge mfumo kwa mashine yako, uupakie kwenye sampuli, uone kama unawaka. Ukiwaka, hifadhi nakala ya msimbo huo pamoja na ankara.